Majirani Wamesema Watakaa Uani

Mpendwa Bu Winarsih,

Jana jioni Bu Katinah, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alisimama nje ya mlango wangu akasema kwamba mtaa mzima utakuja kwenye hitima ya siku elfu ya marehemu mke wangu, lakini watakaa uani chini ya turubai, ndani hawaingii. Naomba msaada wako, maana hitima yenyewe ni Alhamisi ya tarehe 24 mwezi huu na sina mtu mwingine wa kumwuliza.

Nilimwambia, Bu, nyumba ni kubwa, uani kuna vumbi na mvua zimeanza, kwa nini mkae nje? Akanijibu, “Pak, msiba ni msiba, tutakuja. Ila humo ndani mwenzio naogopa hata kupumua.” Akacheka, kisha akaona mimi sicheki, akaaga akaenda zake.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na minne, nimefanya kazi kwenye karakana za marumaru huku kusini mwa Tulungagung tangu sijaota ndevu, nimekata mawe ya hoteli na ya misikiti ya watu nisiowajua, na muda wote huo mimi na mke wangu Marsini tuliishi juu ya sakafu ya saruji nyeusi ambayo yeye aliisugua kwa machicha ya nazi mpaka ikang'aa. Alipofariki, majirani walijaa kwenye sakafu hiyo, siku ya saba, siku ya arobaini, siku ya mia, magoti yanagongana, watoto wanalala mapajani mwa watu, jasho na moshi wa sigara, mpaka mimi mwenyewe nikakosa pa kukaa nikajibanza mlango wa jikoni. Halafu binti yangu Ning, mtoto wangu pekee, yuko Taichung huko Taiwan mwaka wa sita huu anamlea mzee wa watu, akanipigia simu akasema, “Baba, siku elfu ya Mama watu wasikae tena kwenye saruji iliyopasuka. Wewe umewawekea matajiri marumaru maisha yako yote. Sasa weka kwako.” Akatuma pesa, nikaweka.

Naomba nikueleze hiyo sakafu usije ukadhani nilifanya ovyo ovyo, kwa sababu nilikwenda mwenyewe machimboni nikachagua bonge moja tu la jiwe ili rangi zisipishane, nikamwagia maji kila bamba nione nyufa, maana ufa ndio hukauka mwisho, nikagonga kila moja kwa sarafu, lenye mlio wa kengele nikalipokea na lenye mlio wa chungu kilichopasuka nikalirudisha, kisha nikapanga vigae vyote uani bila saruji kwanza mpaka mishipa ya kijivu ikafuatana kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma kama maji yanavyotambaa, ndipo nikavilaza kwenye saruji nyeupe, kwa kuwa saruji ya kijivu huonekana chini ya jiwe jeupe kama uchafu chini ya kucha, na nikajaza chini ya kila kona pasibaki uwazi, kwa sababu kigae chenye uwazi hulia ukikikanyaga na siku moja hupasuka. Nikasaga na kung'arisha mpaka taa ya dari ikawa inaonekana mbili, moja juu na moja chini. Dawa ya kuziba vitundu vya jiwe sikupaka, sisi wazee tunaamini jiwe lazima lipumue.

Kazi hiyo sikutaka mtu anichezee. Siku ya kubomoa ile saruji ya zamani, Pak Sukiran wa nyumba ya mbele alikuja asubuhi na wanaume wa mtaa, majembe na makarai mabegani, kama ilivyo desturi yetu mtu akijenga, nikawaambia warudi tu nyumbani, nimeshachukua watu wawili wa karakana, hii si kazi ya kutengeneza tuta la mpunga. Pak Sukiran akasema, “Haya, bosi wa mawe,” wakaondoka, na chai iliyokuwa imeshachemka nikainywa mimi na wale wawili.

Sakafu ilipokamilika walikuja kuitazama. Wewe unajua kahawa yetu ya huku, nzito kama tope, na wanaume wanavyochukua mashapo yake kwa njiti na kuchora maua kwenye sigara kabla ya kuivuta, basi Pak Sukiran akakaa chini katikati ya sebule, akaanza kuchora sigara yake taratibu, tone likadondoka. Bu Winarsih, kahawa haikai juu ya marumaru, inazama ndani, ukichelewa imekuwa ya jiwe. Nikaruka na tambara nikapangusa pale pale chini ya goti lake. Akaniangalia. “Pak,” akasema, “unanifuta mimi au unafuta sakafu?” Wote wakacheka, nami nikacheka, lakini nilikuwa nimeona tone la pili karibu na kisahani, nikalifuata.

Bu Katinah naye alikuja na tempe za moto, vile vipande vya soya vya kukaanga, zinachuruzika mafuta, na achari ya limau pembeni, na limau kwenye marumaru ni kama moto kwenye karatasi, linakula mng'ao palepale. Nikamtandikia gazeti. Akakaa juu ya gazeti. Akasogea, nikasogeza gazeti. Akasema, “Viatu tumevua, Pak. Au tuvue na miguu?”

Baada ya hapo wamekuwa wakinisalimia kutoka kwenye geti. Wakipita na nyasi za mbuzi nawaita, karibuni kahawa, wananionyesha miguu yao yenye tope na kusema, “Siku nyingine, Pak,” na wakifika kwenye kibanda cha kahawa cha Mbak Sum nawasikia wanacheka, na najua nyumba yangu wanaiita makumbusho.

Ning hajui. Ananipigia simu ya picha kila Jumapili na anapenda nimwonyeshe sakafu, nami naizungusha simu polepole aione yote, naye anauliza, mbona kimya, wageni wako wapi? Mimi huwa nimeshaweka sinia sakafuni na vikombe vitatu vyenye mashapo chini, nilivyokunywa mimi mwenyewe, namwambia wameondoka sasa hivi. Anafurahi. Kisha nikikata simu naviosha vyote na kuifuta sakafu ambayo haina doa, na miguu yangu inapata baridi, maana jiwe lina baridi sana kama halikaliwi.

Sasa nimefikiria kuifunika sebule yote kwa zulia la plastiki mpaka hitima ipite, watu wasiogope, lakini naogopa unyevu utanaswa chini jiwe ligeuke njano, na nimefikiria pia kuing'oa sebuleni tu na kurudisha saruji, nikamdokeza Ning kwa mbali, akasema, “Baba, hiyo ndiyo miaka yangu sita. Usiivunje,” kwa hiyo nikaona labda nialike wanafunzi wa madrasa ya mjini waje wasome wao, wajae ndani, na majirani wakae wanapotaka. Na jambo jingine, siku hiyohiyo asubuhi tunamwekea Marsini jiwe lake la kudumu kaburini, nimelikata mwenyewe kutoka kwenye bonge lile lile la sakafu, na wale vijana wawili wa karakana watakuja kulisimamisha ili likae sawasawa.

Nishauri, mama. Niifunike, niing'oe, au nilete wageni wa kukodi? Marsini alipenda nyumba yenye watu. Sitaki siku ya mwisho tunayomkusanyikia nikae peke yangu juu ya jiwe zuri, huku wenzangu wako nje wanamsomea wakiwa wananyeshewa.

Mzee wa Sakafu Nyeupe
Kusini mwa Tulungagung

Bu Winarsih anajibu:

Fundi wa kusaga marumaru niliyempigia simu asubuhi ya leo amesema mng'ao wa sebule yako unaweza kuondolewa kwa siku mbili bila kung'oa kigae hata kimoja. Hilo ndilo jibu la swali uliloniuliza, Pak. Lile ambalo hukuniuliza ni refu kidogo.

Kwanza, pole. Nimeandika habari za mkoa huu muda mrefu, nimeingia kwenye nyumba nyingi nzuri zilizojengwa na watoto walio mbali, na ninaijua ile harufu ya sebule isiyokaliwa. Barua yako imenifanya niweke kalamu chini pale kwenye vikombe vitatu. Lakini hukuniandikia ili nilie na wewe.

Umetumia mistari mingi kunieleza saruji nyeupe, na nimejifunza. Pak Sukiran umempa mistari michache, kisha ukaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Rudi usome. Mtu amekuja asubuhi na jembe begani, amewaacha mbuzi wake, amekusanya wenzake, hakuna aliyemwita, kwa sababu nyumba ya jirani ikibomolewa ndivyo inavyokuwa. Wewe ukamwambia hii si kazi ya tuta la mpunga. Umemwambia mkulima, mbele ya wakulima wenzake. Chai ikachemka, ukainywa na wale uliowalipa. Pak, hawakuikimbia sakafu yako. Walifukuzwa kabla sakafu haijawekwa. Tambara chini ya goti lilithibitisha tu walichokuwa wameshakisikia.

Na bado wakaja kuitazama. Pak Sukiran akakaa katikati, akachora sigara yake. Hiyo ilikuwa suluhu, mzee wangu, ilikuwa mbele yako na moshi wake. Ukaifuta. Bu Katinah akaja na tempe za moto. Ukamkalisha kwenye gazeti. Mimi ningeondoka na sahani yangu.

Wewe si mtu mbaya. Umelinda mawe ya watu wengine maisha yako yote, na ulipopata la kwako hukujua kulitumia. Karakana ni mahali pa jiwe. Sebule ni mahali pa watu, na jiwe liko pale kwa ajili ya makalio yao.

Sasa sikiliza nitakalokuambia ufanye.

Zulia la plastiki, hapana. Hofu yako ni ya kweli, unyevu utanaswa na utakuwa na sakafu ya njano pamoja na majirani walioko uani. Kung'oa, hapana, na sababu ameshakupa binti yako. Wanafunzi wa kukodi, hapana kabisa. Ukijaza nyumba na wageni huku majirani wako nje, kabla sala haijaisha utakuwa umewafukuza mara ya pili, na safari hii hawatarudi na tempe.

Jumanne tarehe 15 fundi anakuja kwako. Atasaga sebule kwa maji mpaka mng'ao utoke na uso wa jiwe ubaki mtulivu kama ganda la yai. Vyumba vya ndani acheni viendelee kung'aa kama Ning anavyopenda. Jiwe lisilo na mng'ao limau likiligusa halionyeshi jeraha kwa urahisi, na tone la kahawa halipigi kelele kutoka upande wa pili wa chumba. Likikauka vizuri, apake dawa ya kuziba, mara mbili, akifuta inayobaki juu. Jaribuni kwanza kwenye kipande kilichobaki nyuma ya nyumba, ninajua unacho, watu wa mawe hamtupi kitu. Mwaga tone la maji: likikaa kama ushanga, tayari; likiacha kivuli, rudieni. Unasema jiwe lazima lipumue. Hata likipakwa dawa nzuri litapumua. Waache na wageni nao wapumue.

Siku ya hitima tandika mikeka ya kawaida, na kesho yake uitoe jiwe lipate hewa. Kahawa ikimwagika, na itamwagika, hutanyanyuka. Nasema tena: hutanyanyuka. Utasubiri mgeni wa mwisho avae sandali zake, kisha utafyonza kwa kitambaa kikavu bila kusugua, uoshe kwa maji na sabuni laini. Siki usitumie, wala limau, wala ile dawa kali ya chooni ambayo kila mtu anaimwaga kwenye vigae vyake. Doa likibaki, piga uji mzito wa magadi na maji, upake, funika, uache mpaka ukauke, ufute. Likibaki hata baada ya hapo, Pak, libaki. Mtu atakuuliza lilitoka wapi nawe utakuwa na jina la kumtajia.

Hayo ni ya jiwe, na nusu yake ulikuwa unayajua kuliko mimi. Linalobaki ni gumu zaidi.

Wale vijana wawili wa karakana waambie wasije makaburini. Kesho Jumapili, baada ya alasiri, vuka barabara uende kwa Pak Sukiran kwa miguu. Usimwite kutoka getini, na usimtume mtu. Kaa kwenye sakafu yake, iwe ya saruji au ya udongo. Atakupa kahawa, kunywa. Akichora sigara, mwombe akuchoree na wewe moja. Kisha mwombe msaada. Mwambie una jiwe la Marsini, zito, na huna wa kulibeba. Mwombe aje na wale wale aliokuja nao siku ile, na majembe yao. Usimlipe, usimtajie malipo. Wewe unadhani umewakosea majirani kwa kuwa na sakafu nzuri. Uliwakosea kwa kutohitaji chochote kutoka kwao, na huwezi kurekebisha hilo kwa kuwakaribisha. Utalirekebisha kwa kuomba.

Atakukejeli. Atasema, “Bosi wa mawe leo anataka watu wa tuta?” Jibu, “Ndiyo, Pak, nataka.” Nyamaza baada ya hapo. Usianze kumweleza habari za saruji nyeupe.

Makaburini waache walisimamishe wao. Unaweza kusema kushoto, unaweza kusema kulia, lakini pimamaji yako ya kupimia usawa ibaki nyumbani. Likiinama unene wa unywele, utaliona wewe peke yako, na Marsini alikaa na sakafu iliyopasuka bila kumfukuza mtu.

Binti yako. Pak, Ning kazi yake ni kukaa na mzee mpweke kutwa nzima katika mji wa ugenini. Anaujua upweke kwa kuutazama tu. Unafikiri vikombe vitatu vimemdanganya? Kesho akipiga simu, usiizungushe simu sakafuni. Igeuze kwenye uso wako, mwambie hawaji, mwambie kwa nini, na mwambie saa kumi unakwenda wapi. Hilo la kuondoa mng'ao sebuleni mwulize, usimwarifu. Akikataa, fundi asisage, apake dawa tu, na wewe utajizuia kwa nguvu zako mwenyewe. Miaka hiyo sita ni yake, ana haki ya kusema.

Bu Katinah usimwendee na maneno. Mwombe akupikie tempe za hitima, nyingi, na achari yake ya limau. Ataelewa. Majina yao nimeyabadilisha gazetini, ingawa mtaani kwenu sidhani kama kuna atakayehangaika kubahatisha.

Kwa hiyo: kesho Jumapili saa kumi, kwa Pak Sukiran. Jumanne, fundi, kama Ning ameridhia. Alhamisi tarehe 24, saa moja asubuhi, makaburini na majembe ya watu. Magharibi ikisaliwa, hitima, sebuleni kwako, milango yote miwili wazi. Kikombe cha kwanza cha kahawa mpe Pak Sukiran mkononi, na umkalishe pale pale katikati alipokaa siku ile. Tambara mpe Bu Katinah alifungie jikoni kwake mpaka Ijumaa.